Matroni Aliyetaka Kioo Mlangoni

Nilipaswa kukataa. Ilikuwa Jumatano asubuhi, kwenye kikao cha kamati ya kituo, na mimi nilikuwa mwenyekiti na fundi seremala kwa pamoja. Wajumbe waliniomba nitengeneze mlango wa chumba kipya cha ushauri: mlango mzito wa mninga, usio na kioo, wenye kitasa cha kufungia ndani. Matroni alisimama akasema mlango huo uwekwe kioo, au chumba kibaki bila mlango. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Mlango wangu sitautoboa." Tukacheka, tukapitisha, tukaletewa chai.

Jina la Matroni silitaji, na la kituo silitaji. Alizaliwa wapi na kwa nani hayo hayanihusu, na nadhani angenikatiza kama ningeanza nayo. Kila mtu alimwita Matroni, hata muuza maziwa, hata mabibi waliomzidi umri. Kituo kilikuwa pembezoni mwa mji wa Tabora, upande wa kwenda Ntalikwa. Tulikianzisha wenyeji wachache, Waislamu na Wakristo. Kilikuwa na nyumba mbili za watoto wasio na wa kuwatunza, na nyumba moja ya vikongwe waliofukuzwa vijijini wakiitwa wachawi, kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Mimi nilikaa Cheyo na karakana yangu ilikuwa huko huko. Kwa baiskeli nilifika kituoni kabla jasho halijatoka.

Ulimsikia Matroni kabla hujamwona. Alivaa viatu vya ngozi vilivyopigiliwa vyuma kisiginoni, na sakafu ya saruji ilipiga kelele kila alipopita. Nilimwambia mara moja kwamba nina mpira mzuri karakanani, nimbadilishie.

"Uache," alisema. "Nataka kila mtu anisikie nakuja. Mwenye nia njema ataendelea na kazi yake. Mwenye nia mbaya, nikitokea nitakuta mikono yake inahama."

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mtu mzima na mtoto wasikae mahali ambapo mtu wa tatu hawaoni. Chumbani, bafuni, garini, stoo, kote. Milango yote ya kituo niliitoboa mimi mwenyewe kwa amri yake, kioo kimoja usawa wa uso wa mtu mzima na kingine chini, karibu na goti. Nilimwuliza cha chini ni cha nini.

"Mtoto naye aone nani anakuja."

Niliifanya kazi ile shingo upande. Babu yangu alikuwa fundi wa milango, baba yangu vilevile, na milango yao bado imesimama katika nyumba za zamani za mjini. Kutoboa ubao mzima wa mninga kwangu ilikuwa kama kumchanja mtu usoni. Matroni aliliona hilo, na badala ya kunihurumia alinitania.

Ni lazima nieleze utani wetu, maana ndio uliotuangusha. Yeye alikuwa Mgogo, mimi Mnyamwezi, na watu wetu ni watani tangu enzi za misafara. Sisi tulipita kwao tukiwa na mizigo kichwani, wao wakakaa kwenye visima vyao wakidai hongo ndipo tunywe maji. Mtani anaweza kukuambia jambo lolote, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Kila nilipofika getini Matroni alinyoosha mkono.

"Hongo kwanza, mpagazi."

"Sina kitu, mla hongo. Jana ulikula, leo tena?"

"Jana ilikuwa ya maji. Leo ya kivuli."

Watoto walikuwa wakikimbilia getini kusikiliza. Siku niliyoleta pipi alizichukua zote, akaniketisha kwenye benchi katikati ya uwanja, akaniambia nigawe pale pale mbele ya watu. Nilimwambia, "Mtani, mimi unanijua miaka yote hii."

"Ndiyo maana naanza na wewe," alisema. "Mtu nisiyemjua nitakumbuka kumchunga bila kukumbushwa."

Niliumia, sitaficha. Niliona ananiweka kundi moja na watu wabaya.

Hakuwa malaika. Alilamba sukari ya stoo kwa kidole, kisha akawafokea wapishi kwamba inapungua. Aliwafundisha watoto kumwambia mtu mzima "sitaki" kwa sauti kubwa, lakini yeye asiposalimiwa shikamoo alinuna hadi jioni. Aliogopa radi. Mvua za Tabora zikianza kunguruma, mwanamke yule mwenye viatu vya chuma aliingia nyumba ya mabibi, akajikunyata katikati yao na kujifunika khanga usoni mpaka ipite.

Na aliwahi kukosea vibaya. Kulikuwa na muuza mikate, mtu mpole, aliyezoea kuwapapasa watoto vichwani akipita. Matroni alimpiga marufuku getini, tena kwa sauti, na maneno yakafika sokoni. Watu wakaacha kununua mikate yake, akahama mtaa. Baadaye ilijulikana wazi kwamba hakuwa na kosa lolote. Nilimwomba Matroni akamwombe radhi. Hakwenda. Aliniambia, "Nitalibeba," akaendelea kuchambua mchele. Jambo hilo kamati haikulisahau, nami sikulisahau.

Mara nyingi, hata hivyo, alikuwa sahihi. Walikuja wapwa wawili wa bibi mmoja, kwa pikipiki, wakiwa na karatasi na kibweta cha wino wa kidole. Walisema wanamchukua shangazi yao akasalimie nyumbani. Matroni aliwakaribisha, akawapa uji, kisha akavuta kiti chake akakaa kati yao na bibi.

"Matroni, tunaomba tuongee naye faragha kidogo. Unajua shangazi hasikii vizuri."

"Kama hasikii, faragha ya nini? Pigeni kelele tusikie wote."

Mabibi wengine walicheka hadi wakakohoa. Wapwa waliondoka na karatasi yao. Ilihusu shamba lake. Kwa siku mbili yule bibi hakutoka jikoni, alikaa nyuma ya mtungi, na Matroni alikula chakula chake hapo hapo sakafuni pamoja naye.

Nami nilikuwa na wangu kituoni. Sikujaliwa mtoto. Mke wangu alifariki mapema na sikuoa tena. Jumamosi watoto walikuja karakanani wawili wawili, kama Matroni alivyoagiza, kuokota maranda ya kuwashia moto, na kati yao alikuwamo msichana wa miaka kama kumi. Nitamwita Mjukuu, kwa kuwa aliniita babu. Wengine waliniita fundi, au mwenyekiti. Yeye alisema "Babu, nipe msasa," akapiga msasa ubao mpaka ukawa laini kama kioo, halafu akaunusa. Alisema mninga unanuka kama nyumba mpya. Nilikuwa nimeanza kufikiria kwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuuliza taratibu za kumlea.

Hapo ndipo alipokuja Mshauri. Alikuwa mtu wa makamo, Kiswahili chake safi, shati limenyooshwa. Alisema amesomea kuwasaidia watoto walioumizwa, na anataka kujitolea. Hakuomba chochote ila chumba. Alitueleza kwamba mtoto hawezi kufungua moyo wake huku watu wanamchungulia dirishani, kwamba siri ya mtoto ni heshima yake, na kwamba tuna sheria nzuri lakini zinanuka hofu. Wajumbe tulitazamana. Hakuna aliyewahi kutuambia maneno mazuri namna ile kuhusu watoto wetu.

Matroni alimwuliza alikotoka walimwonaje. Mshauri alimpa namba ya simu. Kwa wiki tatu Matroni alipiga namba ile, na kwa wiki tatu haikupatikana. Kisha akanisimamisha getini.

"Hongo kwanza, mpagazi."

"Sina."

"Basi lipa kwa masikio. Huyu Mshauri wenu, kule alikotoka simu haipokelewi."

"Labda mtandao wa huko mbovu, kama wa Ugogoni."

Hakucheka. "Ninyi mlibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, hamkuuliza ndani mna nini. Safari hii fungua, mtani. Fungua uone."

Mimi ndiye niliyecheka. Niliona ni utani mzuri kuliko yote aliyowahi kunipiga, nikaurudia jioni msikitini na watu wakaupenda.

Kikaoni, siku ile ya Jumatano, alianza kwa kusema, "Leo sitanii." Katibu wetu, mwalimu mstaafu, akajibu, "Mgogo akisema hatanii mbele ya Mnyamwezi, hapo ndipo utani umekolea." Chumba kizima kikaangua kicheko. Matroni alisimama katikati ya kicheko kile, mikono imening'inia. Niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa, na mimi niliuona vizuri kabisa, nami nikazungumzia ubao wangu.

Mlango niliutengeneza kwa siku kumi na moja. Sijawahi kutengeneza mzuri kuliko ule. Mshauri alikuja karakanani mara mbili kuutazama, akauliza kama sauti itapita. Nikaona ananipima ufundi, nikazungushia fremu utepe wa mpira. Siku ya kuufunga, watoto walikusanyika kutazama. Mshauri akaniwekea mkono begani: "Mzee wangu, tuujaribu." Akaingia, nikafunga, nikamwambia apige kelele kwa nguvu zake zote. Tukatega masikio. Hatukusikia kitu. Alipofungua mlango akiwa ametokwa jasho kwa kupiga kelele, watoto walipiga makofi, nami niliinama kidogo kama mtu aliyetuzwa.

Matroni hakuwapo. Alikuwa amejifungia jikoni.

Wiki zilizofuata alihamisha kiti chake. Akakiweka mbele ya mlango ule, akakaa hapo mchana kutwa akibangua karanga, visigino vyake vikigonga sakafu, ko, ko, ko, ili aliye ndani ahisi hata kama hasikii. Mshauri alilalamika kwamba watoto wanaogopa kuingia. Kamati ikanituma. Nilimwambia, "Mtani, mpe mwenzio nafasi afanye kazi."

"Unaniambia kama mtani au kama mwenyekiti?"

"Kama mwenyekiti."

Alikusanya karanga zake katika upande wa khanga, akaondoa kiti.

Siku chache baadaye nilipita nikamkuta Mjukuu kwenye benchi la kusubiri nje ya chumba kile. Nilimpungia mkono. Hakuinuka. Alikuwa ameshikilia ukingo wa benchi kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya lori, na macho yake yako kwenye mlango. Kitu cha baridi kilinishika tumboni. Nilikijua ni nini. Mtu mzima anaujua woga wake. Lakini nilijiambia ni njaa, sijala tangu alfajiri, nikaenda jikoni kuomba chai. Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu na mlango umefungwa. Nilisimama pale muda. Mninga ulikuwa umetulia, rangi yake inang'aa, hakuna sauti yoyote iliyotoka. Nikapanda baiskeli.

Mara nyingi natamani ningegonga tu. Kugonga mlango si kazi.

Wiki mbili baada ya hapo, Alhamisi mchana, nilikuwa nyumba ya watoto nikikaza kitanda. Mbingu ilikuwa imefunga na radi zilishaanza. Nilimtazamia Matroni akimbilie kwa mabibi. Badala yake nilimwona akivuka uwanja kwenye manyunyu, bila khanga kichwani, ameshika shoka la kupasulia kuni. Baadaye aliwaeleza polisi kwamba mtoto mmoja alikuwa amemkimbilia jikoni, akisema Mjukuu ameingizwa mle huku analia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango ule akapiga kitasa. Akapiga mara ya pili. Nilitoka mbio, na maneno niliyoyapaza, mbele ya watoto wote, yalikuwa haya: "Mlango wangu!"

Kwa pigo la tatu kitasa kilianguka ndani. Mjukuu alikuwa kwenye kona, amegeukia ukuta. Mshauri alikuwa amesimama karibu na dirisha lenye pazia, anafunga vifungo vya mikono ya shati. Mambo aliyotendewa mtoto yule katika wiki zile sitayaandika. Daktari aliyaandika, na yanatosha pale yalipo.

Mshauri alizungumza kwa upole. Alisema Matroni amechanganyikiwa, mtoto analia kwa ajili ya mambo ya zamani, na yeye anakwenda kuwaita viongozi. Alipita mbele yangu. Nilisogea kumpisha. Hilo nalo ni langu: nilisogea. Matroni alikuwa amepiga magoti, amemfunika mtoto kwa upindo wa gauni lake, na radi ilipopiga juu yetu hakuinua hata kichwa.

Polisi walipofika alikopanga Mshauri, yeye na sanduku lake hawakuwapo. Hajapatikana mpaka leo. Alichokuwa nacho sandukuni, najua kimoja. Wiki moja kabla, aliniomba barua ya shukrani kwa kazi yake nzuri na watoto. Niliiandika kwa mkono wangu, nikaweka sahihi na muhuri wa kituo. Barua ile anatembea nayo. Ndiyo inayoniamsha. Nikisikia mahali fulani, Nzega, Urambo, Kigoma, pamefunguliwa kituo, nasafiri au napiga simu, naeleza umbo lake na sauti yake, naomba wakiletewa barua yenye jina langu wamkamate aliyeileta. Wengine hunisikiliza. Wengine huona ni mzee amepoteza dira. Kila nikimaliza kueleza huwa nahofia kwamba nimechelewa, kwamba mahali pengine fundi mwingine anapima fremu.

Kituo kilifungwa. Watoto na mabibi walihamishiwa kwingine na ofisi husika. Matroni alimchukua Mjukuu kwa taratibu zote, wakahamia Isikizya. Mimi niliandika maelezo yangu polisi, nikajiuzulu, nikakaa miaka bila kwenda. Nilijiambia namwachia mtoto apone. Ukweli niliogopa.

Mwaka jana, baada ya mavuno, nilituma salamu kwamba nakuja, nikaenda. Nilimkuta Matroni uani kwake, amekonda, kandambili miguuni, anapepeta. Nilisimama kwenye ua nikingoja aninyooshee mkono.

"Karibu, mzee," alisema. "Kaa hapo."

Nilikaa kwenye kigoda alichonionyesha, karibu na njia, mbali na nyumba. Cherehani ilikuwa inalia ndani. Nilijua ni nani. Nilimwambia Matroni kwamba sikuja kutetea kitu, nimekuja kumwomba radhi yeye na kumwomba radhi mtoto, kisha nitaondoka.

"Mimi nimeshakusikia," alisema. "Yeye hapana."

"Ni dakika moja tu. Wewe ukiwepo. Mlango wazi."

"Mzee, nilimwuliza tangu ulipotuma salamu. Si mimi ninayekataa."

Akaweka ungo chini, akaniambia jambo ambalo alikuwa amelishika miaka yote hiyo. Siku za mwanzo, kabla mambo hayajawa mabaya kabisa, Mjukuu alikusudia kuniambia mimi kwanza. Alikuja karakanani Jumamosi, mwenzake akiwa nje anaokota maranda. Aliniuliza kama mlango wa Mshauri niliutengeneza mimi.

Nilikumbuka. Sikuwa nimekumbuka hata siku moja, lakini alipolitamka nililiona: mtoto amesimama karibu na randa, hajashika msasa. Nami nilimjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi, "Ndiyo, ni mimi. Mle ndani hata ukipiga kelele vipi, hakuna atakayekusikia. Huo ndio ufundi."

"Alidhani unajua," Matroni alisema. "Alikuona ukimfungia yule mtu, ukimjaribia sauti, mkicheka. Kisha ukamwambia kwa mdomo wako. Alidhani mmekubaliana."

"Umwambie sikujua."

"Nimemwambia. Anasema labda. Anasema hata kama hukujua, akisikia sauti yako mwili wake unatetemeka."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Ndani mtu alitembea hatua chache, kisha nikasikia dirisha la upande wetu likifungwa taratibu. Matroni alinitazama, si kwa hasira. Aliinuka, akasimama kati yangu na nyumba, akaniambia basi la mwisho halingoji watu.

Basi nimeandika, na lililobaki ni hili. Kwa kukubali kutengeneza mlango ule, nilimpoteza mtoto pekee katika maisha yangu aliyeniita babu. Yuko hai, ni fundi cherehani, na anaishi mwendo mfupi wa basi kutoka Cheyo. Katika orodha ya watu anaolindwa wasimfikie, mimi nimo, na aliyeniandika humo ni yeye mwenyewe.